Kupima ukomavu wa embe bila kulikata: matumizi ya spektromita ya mkononi kwa wanunuzi na wakulima wa Mwanza

Mnunuzi wa jumla anayepokea maembe Mwanza, yawe yameshushwa kutoka kwenye fuso lililotoka Tabora au yameletwa kwa pikipiki kutoka Misungwi, hukutana na swali lile lile kabla ya kutoa fedha: je, embe hili gumu la kijani limekomaa, au limechumwa changa ili liwahi bei ya mwanzo wa msimu? Macho husaidia kwa kiasi, kwa kuwa embe lililokomaa huwa na mabega yaliyojaa hadi kikonyo kikaonekana kuzama, lakini rangi ya ganda hudanganya, hasa kwa aina kama Apple na Tommy Atkins ambazo hupata wekundu upande unaopigwa na jua hata kabla ya kukomaa. Kisu hutoa jibu la uhakika zaidi, ila tunda lililokatwa haliuziki, na mwenye tenga hafurahi kuona maembe yake matano yakipasuliwa na mtu ambaye bado hajafungua pochi.

Spektromita ya mkononi, yaani kifaa kinachotuma mwanga ndani ya tunda na kupima ule unaorudi, hutoa makadirio kwa sekunde chache na kuliacha tunda likiwa zima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya chama cha ushirika, mnunuzi au afisa ugani ambaye tayari amepata kifaa hicho na anataka namba zake ziwe na maana. Nasema hivyo kwa sababu kifaa hutoa namba kila unapobonyeza kitufe, hata ukikielekeza kwenye ukuta.

Kinachopimwa

Kosa la kwanza la watumiaji wapya ni kutaka kifaa kiwaambie utamu wa embe ambalo bado ni gumu. Embe huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Likiwa mtini huweka sehemu kubwa ya akiba yake katika hali ya wanga, na sukari huongezeka baadaye, wanga huo unapovunjwa, iwe tunda limevundikwa kwenye majani au limeachwa stoo. Ukikamua tone la maji ya embe bichi juu ya refraktomita, yaani kifaa cha kupimia sukari iliyo kwenye maji ya tunda, utasoma kiwango kidogo cha Briksi (kipimo cha sukari hiyo) ambacho hakikuambii mengi kuhusu siku litakapoliwa. Kipimo kinachofaa kwa embe gumu ni maada kavu, yaani sehemu ya uzito inayobaki maji yote yakishaondoka. Wanga na sukari vyote vimo ndani ya hesabu hiyo, kwa hiyo kuvunjwa kwa wanga hakuibadilishi sana, na embe lililochumwa likiwa na maada kavu nyingi ndilo linalokuwa tamu likiiva. Mvundiko hauwezi kulipa tunda sukari ambayo mti haukuliwekea akiba.

Mwanga unaotumika, uitwao infraredi, hauonekani kwa macho. Mwanaastronomia William Herschel aliutambua mwaka 1800 huko Uingereza, alipoweka kipimajoto nje kidogo ya ukingo mwekundu wa mwanga wa jua uliopasuliwa na prizimu na kukuta joto bado linapanda. Katika karne ya 20 Karl Norris, mhandisi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, aliugeuza kuwa chombo cha kupimia mazao, moja ya kazi zake za mwanzo ikiwa kwenye unyevu wa nafaka. Vifaa vingi vya mkononi vya leo hutumia sehemu yenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 700 na 1,050 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kwa sababu vihisio vya silikoni vinavyousoma mwanga huo ni nafuu, na kwa sababu mwanga huo hupenya ganda na kufika ndani ya nyama ya tunda kwa kiasi cha sentimita moja. Maji hufyonza mwanga kwa nguvu karibu na nanomita 970, huku sukari na wanga vikiacha alama hafifu zaidi karibu na 910. Nje kidogo ya eneo hilo, karibu na 680, klorofili ya ganda, yaani rangi yake ya kijani, huacha alama yake. Kifaa hakionji. Hukadiria ni kiasi gani cha mwanga kimepotea kwenye kila urefu wa wimbi, makadirio hayo yakachorwa kama mstari, kisha hesabu iitwayo modeli huugeuza mstari huo kuwa asilimia. Ubora wa kazi yote umo ndani ya modeli hiyo, na nitalirudia jambo hili kwa kirefu.

Kupima tunda moja ipasavyo

Washa kifaa na ukiache kipate joto kwa dakika kadhaa kabla ya kazi, kwa kuwa taa ya halojeni hubadilika kidogo inapoanza kuwaka. Chukua kwanza kipimo cha rejea nyeupe, kwa kutumia kigae cheupe au kifuniko kilichokuja na kifaa, halafu kipimo cha giza taa ikiwa imezimwa, kama kifaa chako hakifanyi hivyo chenyewe. Rudia rejea hizo kila baada ya nusu saa hivi, na kila unapohama kutoka stoo kwenda uwanjani. Kigae kikichafuka kwa utomvu au vumbi, vipimo vyote vinavyofuata vitabeba uchafu huo, kwa hiyo kihifadhi kwenye mfuko wake na ukifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Futa embe likauke. Matone ya maji juu ya ganda ni maji ambayo kifaa kitayahesabu, na mizigo inayoshushwa alfajiri kutoka kwenye kivuko huwa na umande mara nyingi. Kisha chagua mahali pa kupimia, nako ni katikati ya shavu la tunda, mbali na kikonyo na mbali na ncha, ambapo nyama ni nene na kokwa iko mbali zaidi na ganda. Epuka sehemu yenye mchubuko, doa la utomvu au alama ya kuunguzwa na jua. Pima shavu la pili pia na utumie wastani, kwa kuwa upande ulioelekea jua na ule uliojificha ndani ya majani havilingani.

Gandamiza tunda kwenye mdomo wa kifaa hadi pasiwe na mwanya. Mwanga unaoakisiwa na uso wa ganda bila kuingia ndani haubebi habari yoyote ya nyama, na ndiyo sababu vifaa vizuri vimetengenezwa ili kihisio kikae kwenye kivuli na kupokea tu mwanga uliopita ndani ya tunda na kutokea pembeni. Mwanya mdogo huharibu mpangilio huo wote. Jua nalo ni adui, kwa kuwa limejaa mwanga huu huu tunaoutumia. Fanya kazi chini ya paa au mti, na kama ni lazima kupima tunda likiwa bado mtini, lifunike pamoja na mdomo wa kifaa kwa kitambaa cheusi kizito. Kitenge hakitoshi, maana rangi nyingi za nguo zinazoonekana nyeusi kwa macho huupitisha mwanga wa infraredi bila shida.

Joto la tunda

Jambo hili lina aya zake kwa sababu ndilo linalowaangusha watu wa Kanda ya Ziwa. Mkanda wa maji ulio karibu na nanomita 970 husogea na kubadilika umbo maji yanapopata joto. Embe lililopimwa saa moja asubuhi, baada ya usiku wa upepo wa ziwani, na embe lile lile lililopimwa saa nane mchana baada ya kukaa kwenye gari juani, yanaweza kutoa namba mbili tofauti ingawa ndani hakuna kilichobadilika. Mtu asiyejua hili huamini kwamba mzigo wa mchana ni bora kuliko wa asubuhi, au kinyume chake, na bei hufuata imani hiyo.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kupima joto la matunda machache kwa kipimajoto cha kuchoma kila unapoanza mzigo mpya na kuliandika kando ya vipimo. Ya pili, iliyo bora, ni kuifundisha modeli yenyewe kwa matunda yaliyopimwa yakiwa baridi, yakiwa na joto la kawaida na yakiwa moto, ili ijifunze kupuuza tofauti hiyo. Tunda lililotoka kwenye jokofu lisipimwe mpaka lipate joto la chumba, kwa kuwa hewa ya Mwanza huacha unyevu juu ya ganda lake mara moja.

Kukifundisha kifaa maembe ya kwenu

Kifaa kinaponunuliwa huja na modeli zilizotengenezwa kwa matunda ya nchi nyingine, kwa aina nyingine na hali nyingine ya hewa. Msimu wangu wa kwanza niliitumia modeli iliyokuja na kifaa kwa maembe dodo bila kuichunguza. Namba zilikuwa za kupendeza, nikayapokea matenga kadhaa, na baada ya wiki moja sehemu kubwa ya matunda hayo ilikuwa imenyauka na kukunjamana bila kuiva, kama yanavyofanya maembe yaliyochumwa machanga. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinajibu swali kuhusu maembe ambayo hakijawahi kuyaona.

Kazi ya kukifundisha huhitaji mizani inayosoma gramu kwa desimali mbili, oveni inayotulia kwenye nyuzi 65 za Selsiasi, visahani vya alumini, kisu, peni ya wino usiofutika, na subira. Kusanya matunda yasiyopungua 100, na usiyachukue yote shamba moja siku moja. Chukua machanga kwa makusudi, yaliyokomaa, na yaliyo katikati. Chukua ya Misungwi, ya Sengerema na ya wale wanaokuletea kutoka mbali. Chukua ya mwanzo wa msimu na ya mwisho. Modeli iliyofundishwa kwa maembe mazuri peke yake haiwezi kulitambua baya, kwa sababu haijui baya linafananaje. Watu wengi huona uchungu kulipia matunda machanga ambayo yataishia kukatwakatwa, na hapo ndipo wanapoiharibu kazi.

Chora duara kwenye shavu la kila tunda na uandike namba ya tunda na herufi ya upande. Pima mahali hapo hapo, kata kipande cha nyama chini ya duara hilo hilo kwa kina cha sentimita moja hivi, menya ganda, kisha pima uzito wa kipande mara moja kabla hakijapoteza maji. Kipande cha upande wa pili si mbadala, wala wastani wa tunda zima si mbadala, kwa kuwa kifaa kiliona eneo lile dogo tu na hatuwezi kukipima kwa swali la mahali pengine. Katakata kipande kiwe vipande vyembamba, kisha kiweke ndani ya oveni kwa saa 48 au zaidi. Nyuzi 65 zinatosha; ukipandisha joto sana ili umalize haraka, sukari huanza kuungua na uzito unaopotea si wa maji tena. Umeme ukikatika usiku, usihesabu saa, bali endelea kukausha na kupima mpaka uzito usibadilike kati ya vipimo viwili vilivyopishana kwa saa kadhaa. Toa sahani moja moja na kuipima papo hapo, maana embe kavu hunywa unyevu wa hewa kwa uroho.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kipande kilichokuwa na gramu 20.00 kikibaki na gramu 3.20 kina maada kavu ya asilimia 16, kwa sababu 3.20 ukiigawa kwa 20.00 na kuzidisha mara 100 unapata 16.

Baada ya hapo vipimo vya mwanga na majibu ya oveni huingizwa kwenye programu ya kompyuta. Vifaa vingi huja na programu hiyo, na njia ya kitakwimu inayotumika sana hujulikana kwa herufi PLS (kwa Kiingereza, partial least squares). Kabla ya hesabu, programu huachana na kimo cha mstari wa mwanga na kutazama jinsi mteremko wake unavyobadilika hatua kwa hatua, jambo linalopunguza tofauti zinazotokana na ukubwa wa tunda au ung'avu wa ganda. Kwa maada kavu ya embe, sehemu ya nanomita 730 hadi 975 hivi ndiyo iliyotumika sana na inatosha kuanzia. Programu itakuuliza idadi ya vipengele vya modeli, yaani hesabu yake iwe changamano kiasi gani. Ukiongeza vipengele, modeli itaonekana kuyajua matunda yako kwa ukamilifu, lakini itakuwa imeyakariri kama mwanafunzi anayekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana.

Njia ya kuligundua hilo ni kuwaficha mashahidi. Weka kando matunda ya shamba zima au ya siku nzima ya mavuno, tengeneza modeli bila hayo, kisha iambie ikadirie maada kavu yake. Usiweke kando tunda moja moja kutoka kila shamba, kwa kuwa ndugu zake waliobaki ndani ya modeli watalisaidia na utapata alama usizostahili. Angalia mambo mawili katika matokeo: wastani wa tofauti kati ya kifaa na oveni, ambao huonyesha kama kifaa kinaegemea juu au chini, na mtawanyiko wa tofauti hizo. Modeli nzuri ya embe hukosea kwa takribani pointi moja ya asilimia ya maada kavu, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Ikionyesha makosa madogo ajabu, itilie shaka kabla ya kushangilia.

Kila msimu mpya rudia kazi ndogo ya matunda 15 au 20 kwa oveni. Ikiwa kifaa kinasoma juu kwa wastani wa 1.2, ondoa 1.2 kwenye kila kipimo na uendelee. Ikiwa mtawanyiko ndio uliopanuka, marekebisho ya namba moja hayatasaidia, na itakubidi uyaongeze matunda hayo ndani ya modeli na kuijenga upya.

Kupima mzigo na kuamua

Tunda moja halisemi habari ya tenga, na tenga moja halisemi habari ya fuso. Kila aliyewahi kununua matunda sokoni anajua kwamba ya juu hupangwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi, kwa hiyo mwombe mwenye mali amimine au achimbue, na uchukue matunda kutoka juu, katikati na chini ya matenga tofauti. Kwa mzigo wa kawaida, matunda 20 ni mwanzo mzuri. Kosa la bahati nasibu la kifaa, likiwa pointi moja ya asilimia kwa tunda moja, hupungua hadi karibu 0.22 kwenye wastani wa matunda 20. Lakini mwegemeo wa modeli haupungui hata ukipima matunda 1,000, na hiyo ndiyo sababu nimeikazania oveni. Usitazame wastani peke yake. Mzigo wenye wastani mzuri lakini wenye matunda matano yaliyo chini kabisa ni mzigo uliochanganywa mashamba mawili au michumo miwili, na bei yake ipatane na hali hiyo.

Kiwango cha kukubali kitoke kwenye ndimi za wateja wenu, si kwenye karatasi ya nchi nyingine. Chukua matunda 40 yenye vipimo tofauti, yaandike namba, yavundike pamoja mpaka yaive, kisha yakate na kuwapa watu kumi wasiojua vipimo hivyo, wakiulizwa tu kama wangelinunua embe kama hilo tena. Mahali ambapo majibu ya hapana yanazidi ndipo mpaka wenu ulipo. Kwa aina nyingi za embe mpaka huangukia karibu na asilimia 15, lakini dodo na Kent si ndugu wa tumbo moja, na kila aina ipewe mpaka wake. Kumbuka pia kwamba tunda lililosoma sawasawa na mpaka lina nafasi karibu nusu kwa nusu ya kuwa chini yake. Mnunuzi mwenye haki hakatai mzigo wa mtu kwa tofauti ya 0.3; huchukua matunda mengine 20 na kupima tena, mwenye mali akiwa amesimama pale pale akiona namba.

Matunda mengine na mipaka ya kifaa

Machungwa yanayoletwa Mwanza kutoka Ukerewe humshawishi kila mwenye kifaa, lakini ganda la chungwa ni nene, lina vifuko vya mafuta na utando mweupe unaotawanya mwanga kabla haujafika kwenye nyama. Kadirio la Briksi linawezekana, huku usahihi ukishuka, na ganda jembamba likitoa matokeo bora kuliko nene. Chungwa haliendelei kuongeza utamu baada ya kuchumwa kama embe, kwa hiyo hapo Briksi ndicho kipimo cha kutafuta, na majibu ya kufundishia yatoke kwenye refraktomita. Parachichi hupimwa vizuri kwa maada kavu, ambayo huenda sambamba na mafuta yake. California, kwa mfano, hutumia asilimia 20.8 kama kiwango cha chini cha kuvuna aina ya Hass. Tikiti na nanasi huwa magumu zaidi kwa kifaa kidogo cha mkononi.

Uchachu ni somo gumu zaidi. Asidi ya tunda ni kidogo mno ikilinganishwa na maji na sukari, na mara nyingi modeli inayodai kuisoma huwa imeshika tu uhusiano wake na ukomavu, uhusiano ambao hukatika mara tu shamba likibadilika. Kuhusu mabaki ya viuatilifu, au kama embe limeivishwa kwa kabaidi, kifaa hiki hakina la kusema, na atakayewauzia kwa ahadi hiyo aulizwe maswali mengi.

Tengeni daftari au faili moja lenye tarehe, shamba, aina, joto la tunda, namba ya rejea nyeupe na kila kipimo. Tafuteni pia kipande cha plastiki nyeupe nene kisichobadilika, mkipime kila asubuhi kabla ya tunda la kwanza. Siku kipimo cha plastiki hiyo kitakapotoka nje ya mazoea, taa imechoka, kioo kimechafuka au betri inaisha, na maembe ya siku hiyo yasubiri mpaka chanzo kijulikane. Taa ikibadilishwa, rudini kwenye oveni na matunda 20 kabla ya kununua kitu.